Fundi wa kukagua nyumba kabla ya tetemeko: kazi niliyoilipia Mabatini, Mwanza

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta mtu wa kuja kuitazama nyumba yangu na kuniambia nini kitaanguka ardhi ikitikisika, na mwezi uliopita nikampata. Ni fundi mwashi mwenye vijana wawili wa kumsaidia, anayefanya kazi zake Mabatini, Igogo na Isamilo, na ambaye baada ya tetemeko la Kagera alikwenda Bukoba kujenga upya nyumba zilizobomoka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu tunaoishi mlimani, kwenye nyumba tulizojenga chumba baada ya chumba kadiri fedha zilivyopatikana.

Sababu ya kumtafuta ni ya siku nyingi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa uani nachambua dagaa nikasikia vikombe vinagongana kabatini. Hapa Mwanza tulitikiswa tu, lakini wifi yangu aliyekuwa akiishi Hamugembe, Bukoba, alipoteza ukuta mzima wa chumba cha watoto, na kama wasingekuwa nje wakicheza, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa karibu na Nsunga wilayani Missenyi; watu wasiopungua 17 walifariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kuna nchi ambazo ukubwa huo hupita na kuacha nyufa chache, kwa sababu kuta zao zimefungwa kwa nondo. Sisi tuna matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, mara nyingi bila lenta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, ya kuzunguka nyumba nzima, na Ziwa Victoria limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa.

Fundi huyu aliahidi kuja Jumamosi akaja Jumanne, bila kupiga simu, na hilo ni kosa la kwanza ninalomhesabia. Alipofika alisalimu kwa "Mwangaluka", akavua viatu, na badala ya kuanza na kuta akauliza bibi analala wapi. Juu ya kabati la nguo la mama mkwe wangu, kando ya kitanda, kulikuwa na cherehani ya zamani ndani ya sanduku lake la mbao na masufuria mawili makubwa ya shughuli. "Bibi," alimwambia, "hivi vikishuka usiku vitatua wapi?" Mama mkwe alitazama mto wake, kisha akanitazama mimi. Tulivishusha palepale, kabla fundi hajatoa hata futi kamba.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni tanki la maji. Kama nyumba nyingi za hapa ambako maji ya bomba hukatika, tuna tanki la lita 1,000, na letu lilikuwa juu ya mnara wa matofali uliojengwa karibu kabisa na ukuta wa chumba cha watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba lita 1,000 ni tani moja, na kwamba mnara ule, ambao fundi aliusukuma kwa bega tukaona vumbi la udongo likidondoka kwenye viungo, haukuwa na nondo hata moja. Alipendekeza tuubomoe na kulishusha tanki kwenye jukwaa fupi la zege la kimo cha magoti, upande wa mbali na vyumba. Presha ya maji bafuni imepungua, nakiri, na sasa tunaoga kwa ndoo, lakini watoto hawalali tena chini ya tani moja ya maji. Jukwaa lenyewe amelifanya vizuri: zege lilimwagiliwa siku saba kabla ya kupandishwa tanki, na vijana wake walikuja kumwagilia wenyewe.

Kwenye kuta alinionyesha jinsi ya kusoma nyufa. Ule mwembamba kama unywele ulio kwenye plasta peke yake si wa kuogopesha. Unaoanza kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari, ukapita kwenye tofali lenyewe, ndio wa kushughulikiwa. Ninao wawili wa aina hiyo, na aliweka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha ya kila mmoja ili tujue kama unarefuka.

Kazi ya kufunga makabati haikunipendeza mara ya kwanza. Kijana wake alitumia skrubu fupi zilizoshika plasta tu, nami nilipolivuta kabati kwa mikono miwili likaja na vipande vya ukuta. Fundi aliomba radhi, akarudia mwenyewe kwa skrubu ndefu na fisha (vizibo vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) zilizoingia ndani ya tofali, na sasa halisogei. Mtungi wa gesi umefungwa mnyororo, na kila mtu mzima nyumbani anajua kufunga gesi na kuzima swichi kuu ya umeme. Watoto walifundishwa kuingia chini ya meza ya mninga na kushika mguu wake. Mama mkwe, ambaye goti halimruhusu kukimbia, aliambiwa abaki kitandani na kujifunika kichwa kwa mto.

Ninachomlaumu kwa dhati ni jiwe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jabali kubwa kuliko jiko, na nilipomuuliza alijibu kwamba lipo tangu enzi za mababu. Lakini udongo wa chini yake si wa enzi za mababu: mvua za masika zimeuchimba mpaka mkono wangu unaingia hadi kiwiko. Mtu anayefanya kazi kwenye vilima vya Mwanza hapaswi kulipita jambo hilo kwa neno moja. Nimelipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, na wakati nasubiri jibu nimehamisha jiko la mkaa upande mwingine.

Ukaguzi ulinigharimu shilingi 40,000, na kazi yote pamoja na vifaa ikafika 310,000, sehemu kubwa ikiwa ni ya jukwaa la tanki. Kwa mwenye nyumba yenye tanki juu ya mnara, ningesema amwite wiki hii, akague skrubu kwa mikono yake kabla ya kulipa, na suala la majabali alitafutie mtu mwingine. Mimi nimemwita tena mwezi wa nane, kabla ya vuli, aje kutindua chumba cha watoto na kukipigia lenta.