Ultrasaundi, MRI au PET kwa tezi dume? Uzoefu wangu

PSA yangu, kipimo cha damu kinachoweza kuashiria saratani ya tezi dume, ilisoma 9, na daktari akataka nipigwe ultrasaundi ya njia ya haja kubwa, kisha nichomwe sindano za kuchukua vinyama palepale.

Ultrasaundi nilikubali. Inakera kuliko inavyouma, bei yake inabebeka, na majibu unaondoka nayo: ukubwa wa tezi, mkojo unaobaki kibofuni. Kwa hayo sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba saratani nyingi za tezi dume hazionekani vizuri humo, hivyo sindano 10 au 12 huchomwa kwa kugawa tezi mafungu, na uvimbe mdogo unaweza kukwepwa.

Nikaomba MRI, yaani picha za sumaku, kwanza. Bima iligoma, nikalipa mfukoni, na iliniuma. Walipima figo kwa sababu ya ile dawa ya kontrasti inayodungwa ili picha zionekane vizuri, wakanivua hadi pete, nikalala kwenye tundu linalogonga kama fundi bati. Mionzi hakuna. Mwenye hofu ya sehemu finyu aseme mapema.

Kilichoniudhi ni ripoti: mistari mitatu, bila alama ya PI-RADS, ile ya kiwango cha shaka ya saratani! Nikabeba CD kwa mtaalamu mwingine wa picha, naye akaandika PI-RADS 4, upande wa kushoto. Alama hizo huanzia 1 hadi 5; 4 ni shaka kubwa, haijawa hukumu. Sindano zikalengwa pale pale, na majibu yakaja Gleason 3+4, yaani saratani ya ukali wa kati.

Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliotoka 2017, ulikuta MRI inanasa 93% ya saratani zenye hatari, wakati sindano za ultrasaundi pekee zilinasa 48%. Ila MRI nayo hupiga kengele za bure, tena nyingi, ndiyo maana kinyama hakikwepeki.

PET ya PSMA, skani inayotumia dawa yenye mionzi kusaka seli za saratani ya tezi dume mwilini, niliiulizia, nikaambiwa kwangu bado. Hiyo kazi yake kubwa ni kuangalia kama saratani imeshasambaa, hasa kwa wenye hatari kubwa. Huko Australia mwaka 2020 ilionyesha usahihi wa 92%, dhidi ya 65% kwa CT (picha za eksirei za tabaka) pamoja na skani ya mifupa.

MRI naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na bei. Ukienda, omba PI-RADS na CD, na ifanywe kabla ya sindano, maana damu inayovilia baada ya kuchomwa huchafua picha, na utaambiwa usubiri wiki kadhaa.