Nyari ya Marafa: viatu vyangu vya kukwea havikutoka mkobani

Kosa lilikuwa langu, nianze na hilo. Kukwea mawe nilijifunza Lukenya, kilima cha mawe karibu na Nairobi, nilipokuwa nikisoma huko, na niliporudi Malindi nilirudi na viatu vya kukwea, kifuko cha chaki ya kukausha viganja, na hamu isiyo na pa kwenda. Jiwe letu la Pwani ni la matumbawe. Lile la kule kwenye nguzo ya Vasco da Gama nililishika siku moja tu, likanikuna viganja kama mbuzi ya nazi.

Ndipo nikaona picha za Nyari, bonde la Marafa huko bara ya Malindi, lile linaloitwa jiko la shetani: kuta zimesimama wima, nyekundu kwa nyeupe, na minara imechongoka katikati. Nikajiambia haya ni mawe ya mchanga. Fontainebleau kule Ufaransa, ambako watu wa dunia nzima huenda kuparamia mawe bila kamba, nako ni mawe ya mchanga. Basi kwa nini nisijaribu kwetu?

Nilikodi gari na dereva. Tulipatana saa nane mchana, akaja saa tisa unusu na hadithi ya pancha. Gurudumu lenyewe sikuliona limebadilishwa, lakini nilinyamaza. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaiacha barabara ya Lamu tukaingia bara, na vumbi jekundu likatupokea mpaka kwenye meno. Kwa bahati, kuchelewa huko kuliniokoa. Mle bondeni hamna kivuli wala upepo, na wanaoshuka saa sita mchana huchomwa kama muhogo.

Nyari inasimamiwa na wanakijiji wenyewe. Unalipa kiingilio pale pale na unapewa mtu wa kukutembeza. Mimi nilipewa mzee wa Kigiriama aliyevaa ndara, nami nilikuwa na buti. Alitazama mkoba wangu.

"Mwanangu, hivyo viatu vya kubana ni vya nini?"

"Vya kukwea, baba."

Hakucheka. Alinishusha kwenye njia yenye mteremko mkali hadi chini ya ukuta mmoja mweupe, akaokota bonge lililoanguka, akalisugua kwa kidole gumba. Likawa unga. Kisha akaniomba chupa yangu, akamimina maji kidogo tu, kiasi cha kifuniko kimoja, juu ya bonge jingine. Lilinywa yale maji, likalegea, likakaa kiganjani mwake kama uji mzito.

"Haya, kwea sasa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mchanga wa Fontainebleau umeshikwa na silika, madini magumu yanayougandisha kama saruji, ukawa jiwe gumu kwelikweli, na hata huko wakweaji husubiri jiwe likauke baada ya mvua, maana jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu na vishikio huvunjika. Huu wa Marafa haujashikana hivyo. Mvua ndiyo iliyolichonga bonde zima na bado inalichonga. Wekundu ni kutu ya chuma iliyo ndani ya mchanga. Mzee alinionyesha mti ukingoni, nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani. Njia aliyokuwa akipita utotoni, alisema, sasa ni hewa.

Hadithi ya mahali hapa mtaisikia mkifika, kwa hiyo naigusa tu: palikuwa na mji wa matajiri waliojaliwa ng'ombe hata wakawa wanaoga maziwa, Mungu akachukizwa, mji ukadidimia. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Mzee aliisimulia mkono wake ukipita juu ya tabaka moja baada ya jingine, na kusema kweli nilijikuta nikitazama maziwa.

Kisha jua likateremka. Sina maneno mengi hapa. Ukuta uliokuwa wa waridi uligeuka rangi ya embe bivu, halafu ya kaa la moto, na ilikuwa kama dakika ishirini tu.

Kwa mkweaji mwenzangu: usibebe chaki wala kamba, na usimjaribu mzee kwa kuparamia mnara "kidogo tu kwa picha". Niliona majina yamechorwa ukutani kwa vijiti, nikaona aibu kwa niaba ya wenyewe. Kama ni kukwea, panda basi uende Lukenya au mbuga ya Hell's Gate, Naivasha. Huku beba maji lita mbili, kofia, viatu vyenye meno, na chenji, kwa sababu mzee hakuwa na chenji wala mimi sikuwa nayo, tukasumbuana mpaka kibanda cha soda kilipotuokoa.

Matembezi yenyewe yalikuwa kama saa moja na nusu. Ningependa yaanze kwa maelezo mafupi juu kabla ya kushuka, maana ukiwa chini unatazama miguu yako zaidi ya kusikiliza.

Nampa mzee nyota nne. Ya tano ameondoka nayo dereva.