Walinikatia Violetta akiwa na barua mkononi

Nianze na yule kijana wa huduma kwa wateja wa programu ya kukodi video, maana ndiye aliyenifanya niandike. Nilimwambia picha imekwama karibu na mwisho wa opera niliyoilipia. Akauliza, "Opera ndiyo nini, mama?" Nikamweleza vizuri tu kwamba ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa na okestra. Akacheka, akasema, "Mama, leo Jumapili, watu wanapiga simu za mpira. Hiyo hata ukiikosa hujakosa kitu." Akakata simu.

Hujakosa kitu! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Mimi naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia yetu hapa Jinja, Uganda, huu mwaka wa 12. Sisi tunagombania maikrofoni mbili kila Jumapili, na siku zote nilitaka kuwaona watu wanaoimba bila maikrofoni, okestra nzima iko mbele yao, na bado sauti inafika kiti cha mwisho. Kwa hiyo nikakodi La traviata, opera ya mtunzi Mwitaliano Verdi, iliyorekodiwa jukwaani, kwa shilingi 30,000. Nikalipa kwa simu. Ukishalipa unapewa saa 48 za kuitazama.

Na niseme ukweli, mwanzoni nilifurahi sana. Kamera inakusogeza hadi unaona mbavu za mwimbaji zinavyofunguka kabla hajatoa sauti, unaona ni wapi anaiba pumzi katikati ya maneno. Aliyelipia tiketi akakaa ukumbini, nyuma kule, haoni hayo. Nilirudisha kipande kimoja mara tatu nione tu taya lake.

Mama alikaa nami. Kiswahili chake ni cha kambini, baba alikuwa askari, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili kadiri yanavyopita. Ile karamu ya mwanzo, na wimbo wa kuinua glasi ambao wengi wanaujua, haikumgusa. Alipokuja baba yake Alfredo kumwomba Violetta, yule mwanamke anayependana na Alfredo, amwache kijana wake, eti binti wa familia asije akakosa ndoa kwa sababu ya mwanamke wa sifa mbaya, hapo Mama akawaka: "Mzee huyu ana adabu ya mdomoni tu!"

Lakini jambo moja lilikuwa linamkera. Violetta ana kifua kikuu, na Mama aliwahi kumuuguza mdogo wake kwa ugonjwa huohuo hadi siku ya mwisho. "Mgonjwa wa kifua haimbi hivi," alisema. "Mama mdogo wako alikuwa hawezi kumaliza kuomba maji." Sikuwa na jibu.

Jibu alikuwa nalo Verdi. Katika sehemu ya tatu, Violetta yuko kitandani, daktari ameshamnong'oneza mtumishi kwamba zimebaki saa chache, na yeye anatoa barua ya yule mzee, inayosema Alfredo yuko njiani kuja kwake. Haiimbi. Anaisoma kwa sauti ya kuongea, sauti iliyokwisha, huku violini zikirudia polepole wimbo wa mapenzi aliowahi kuimbiwa na Alfredo. Mama alishusha kikombe chini. "Ee. Hapo sasa anaumwa."

Violetta akamaliza barua, akasema "È tardi!", yaani wamechelewa, na picha ikakwama. Mdomo nusu wazi, karatasi mkononi, na kale kaduara kanazunguka usoni pake.

Msiniambie habari za mtandao. Bando lilikuwepo, umeme ulikuwepo, simu ya mdogo wangu ilikuwa inacheza video nyingine palepale mezani. Nilizima, nikawasha, nikafuta programu nikaiweka upya. Kila mara inafika kwenye barua, inakwama. Kosa liko kwao. Ndipo nikapiga simu, nikakutana na yule kijana.

Siku iliyofuata nilimpata dada mmoja, mpole, akaahidi mafundi wataangalia. Waliangalia kweli. Ujumbe ulipofika kwamba tatizo limeisha, saa zangu 48 nazo zilikuwa zimeisha. "Tafadhali lipia upya." Nilipie upya kosa lao!

Opera hii ilizomewa Venice usiku wake wa kwanza, mwaka 1853, na mwaka uliofuata mji huohuo ukaishangilia. Angalau wale wazomeaji waliiona hadi mwisho.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada. Msiwape hela zenu. Ingawa, kama una mtu mzima nyumbani ambaye hajawahi kuona kitu hiki, sijui nikuambieje. Jioni ile Mama alimtaja mdogo wake kwa jina, kitu ambacho sijamsikia akifanya kwa miaka mingi, akanisimulia jinsi alivyokuwa akimgeuza usiku. Hilo kampuni haikulifanya, ni Verdi na yule mwanamke mwenye barua, lakini lilitokea sebuleni kwangu kupitia programu yao. Basi tuseme mbili. Hapana, nikikumbuka kile kicheko, moja.

Mama ameniuliza mara mbili kama Alfredo alifika kwa wakati. Najua jibu, sijamwambia, nataka alione mwenyewe. Shilingi 30,000 nyingine ninazo kwenye simu. Bado nasubiri wanirudishie zile za kwanza.