Racheti ya kurudisha pistoni ya breki kwa elfu 55: tunaijaribu kwenye IST ya nyumbani

Sikilizeni hii kwanza. Tak, tak, tak, tak. Hiyo ni pistoni ya breki inarudi ndani bila matusi na bila mtu kukalia kalipa, ile nyumba ya pistoni inayobana pedi kwenye diski. Nimeshindwa kusubiri, nimeanzia mwisho. Karibuni, wadau.

Gari ni hii IST, ya kupeleka watoto shule na kubebea maji, mnaijua, siielezi. Wiki ya pili sasa kila nikikanyaga breki kwenye foleni inalia kriii mpaka bodaboda wanageuka. Ule mlio ni kibati kidogo kwenye pedi, kimewekwa makusudi kikwaruze diski pedi zikikaribia kuisha. Na Desemba tunapanda Iringa. Mimi mteremko wa Kitonga siushuki na kriii. Nyuma ni drumu na shuu, hiyo ina video yake. Leo mbele tu.

Nilinunua vitu viwili. Cha kwanza kikete hiki cha chuma, kina vinundu kila upande, elfu 10. Muuzaji ananiapia, "Kaka, hii inafanya gari zote." Jamani! Pistoni ya mbele ya IST haizungushwi, inasukumwa ikaingia moja kwa moja. Kikete hiki kazi yake kuzungusha. Mwanangu wa miaka minne amekifanya dadu huko sebuleni, na kwangu hiyo ndiyo ajira yake. Cha pili ndiyo racheti, elfu 55. Mama watoto alipoiona risiti alinyamaza. Mnaujua ule unyamavu.

Tairi limeshatoka. Gari limekaa kwenye stendi, halijaning'inia kwenye jeki, na tairi la nyuma lina jiwe. Tena nawaomba, hata mjomba wako akisema amefanya hivyo miaka 20, usiliweke juu ya tofali. Tofali la saruji halikupi dalili, linapasuka tu, na wewe uko chini.

Bolti ya chini, spana 14, kalipa inanyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Sogeza kamera. Pedi hii ya ndani imebaki unene wa kadi mbili za benki, ya nje bado ina afadhali. Ikiwa hivyo ujue kalipa haitelezi vizuri kwenye pini zake. Tutazisafisha tuzipake grisi, ila ya breki, si ile ya beringi.

Sasa kazi. Pedi mpya ni nene, haziingii mpaka pistoni irudi. Ikirudi, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo chake pale mbele, kwa hiyo nimeyapunguza kidogo na bomba la sindano. Yakimwagikia bodi yanakula rangi, na mimi tayari nina doa moja la kunikumbusha.

Racheti ina sahani mbili. Moja inagusa pistoni, nyingine inaegemea upande wa pili wa kalipa, unavuta mpini zinaachana. Basi jana usiku nikaipeleka pale... haiingii! Pedi zikiisha sana pistoni inakuwa imetoka sana, nafasi inabana. Ikabidi niiwekee pedi ya zamani nibinye kwa bisibisi kidogo, milimita mbili tatu hivi, ndipo sahani zikapita. Elfu 55 halafu inaomba msaada kwa bisibisi ya elfu 2. Nilizima kamera, nikaenda kunywa maji.

Ila ikishaingia, ah. Angalieni mkono wangu wa kushoto, uko huru! Wa kulia unavuta, tak, tak, wa kushoto unashika huu mpira wa vumbi usijikunje. Nikihisi pistoni inagoma nasimama, nasubiri mafuta yarudi taratibu, naendelea. Kuna fundi mtaani aliwahi kunisukumia kwa bisibisi kubwa, akauchana mpira huu na hakusema. Mchanga na maji vikaingia, baada ya miezi pistoni ikaganda, tairi likawa linatoka moto. Ngoja niirudie tena, hii sehemu naipenda. Tak, tak. Imelala sawa na ukingo.

Mpinzani wake ni klempu ya seremala, elfu 12. Nimeitumia miaka, inasukuma, sidanganyi. Shida yake ni kulala upande, na pistoni ikiingia kimshazari inakwama, tena mikono yote miwili iko bize. Kusema ukweli, kama una gari moja na unabadilisha pedi mara moja kwa miaka miwili, klempu inakutosha. Nimesema? Nimesema. Ila hii yangu siirudishi dukani.

Halafu, maiki mpya imefika. Jogoo wa jirani bado mnamsikia, najua. Video ya mafuta ya gia ni Jumamosi, acheni kunitukana kwenye komenti.

Pedi zimekaa, upande wa pili nimefanya hivyohivyo, maana zinabadilishwa zote nne. Kabla hujawasha gari, pampu pedali. Angalia, mara ya kwanza imeenda mpaka chini. Pili, tatu, nne, imekuwa ngumu. Ungetoka getini bila kufanya hivi, ungesimama kwenye ukuta wa jirani.

Na jirani mwenyewe huyo anakuja. Ana Golf, anasema breki za nyuma zinalia, anaiomba racheti. Bro, hii haikufai, pistoni ya nyuma ya Golf yako inazungushwa huku unaisukuma. Inataka...

Wadau, nazima. Naenda kuangalia chini ya kochi.