TAHADHARI: Nondo za "ofa", pima kilo kabla hujalipa

Wakuu habari za saa hizi, naandika nikiwa saiti roho inaniuma, ila kama kuna mtu anajiandaa kununua nondo wiki hii naomba asome kwanza.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar lina matawi kadhaa, jina silitaji, walitangaza punguzo la mwisho wa mwezi, nondo ya unene wa mm 12 elfu 20 wakati kwingine kote nilikoulizia ni elfu 24. Mimi najenga huku Chanika kidogo kidogo, hela ya kuunga unga, nikaona kwa nondo 60 naokoa laki mbili na arobaini, nikalipa 1,200,000 fasta. Kaunta walinionyesha kipande cha sampuli, kimeshiba kweli, ila mzigo ukapakiwa kutoka stoo ya nyuma, zikakunjwa katikati kama kawaida ili zikae kwenye kirikuu, na nondo ikishakunjwa hivyo urefu wake kwa macho huujui.

Saiti fundi akanyoosha ya kwanza, akaishika akaigeuza geuza, akaniuliza "Mama Jay, hii umeambiwa ni ngapi?" Tukapima, mita 11.4 badala ya 12. Tukaibeba mpaka kwa muuza vyuma chakavu mtaa wa pili, tukaitundika kwenye mizani, kilo 7 na robo tatu!! Mm 12 kamili ya mita 12 inatakiwa iwe kilo 10.6 hivi. Tukapima zingine nne, zote zinacheza humo humo, fundi anasema hiyo ni kama mm 10 na nusu.

Sasa piga hesabu. Elfu 20 kwa kilo 7.75 ni zaidi ya 2,500 kwa kilo, ile ya elfu 24 haifiki hata 2,300. Yani hiyo ofa ndo ilikuwa bei ghali, na chuma kilichopungua kwenye mzigo wangu wote ni kama kilo 170.

Nikarudi dukani, meneja anasema mzigo ukishatoka getini haurudi. Risiti ya EFD imeandikwa "vifaa vya ujenzi" basi, haina mm wala idadi, na mimi pale sikuisoma maana gari lilikuwa linanisubiri. Hapo ndo waliponimaliza. Malalamiko nimeshapeleka Wakala wa Vipimo na TBS (Shirika la Viwango), nasubiri.

Hela nitatafuta, kinachonitisha ni kwamba hizo nondo zilikuwa za slabu na chini ya hiyo slabu ndo chumba cha mama yangu. Fundi asingekuwa makini Jumamosi tungemwaga zege.

Kwa mnaonunua, kwa urefu wa mita 12 mm 10 ni kilo 7.4, mm 12 ni 10.6, mm 16 karibu 19. Itoe moja kwenye mzigo wako mwenyewe, siyo ile sampuli ya kaunta, ipimwe mbele yako, wakigoma ondoka na hela yako. Risiti iandikwe mm, urefu na idadi. Na kama ulichukua kwenye hiyo ofa na zege bado hujamwaga, tafadhali ipeleke moja kwenye mizani leo leo.