Kabla hujanunua diski ya kompyuta ya zamani, omba namba ya modeli

Malalamiko ya wasomaji kuhusu diski yanafanana. Kompyuta ya zamani ilianza kuganda, fundi akasema diski imekufa, ikanunuliwa mpya, Windows ikawekwa upya, na muda si mrefu mashine ikaganda kuliko mwanzo. Task Manager inaonyesha diski imeshika asilimia 100 huku ikiandika megabaiti mbili tu kwa sekunde. Mnunuzi anaamini kauziwa kimeo, lakini mara nyingi diski hiyo ni nzima kabisa. Imetengenezwa hivyo.

Ukubwa na kasi hatutavigusa sana hapa, maana kila tangazo linavipigia debe. Tutakaa na kasoro moja ambayo kwa kawaida haiandikwi kwenye boksi. Lakini kwanza uhakikishe kwamba diski ndiyo mgonjwa.

Soma namba tatu

Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake. Kuzisoma kwenye Windows tumia programu ya CrystalDiskInfo; kwenye Linux andika `smartctl -a /dev/sda`. Utapata safu ndefu ya taarifa, na karibu zote unaweza kuziruka. Namba 5 ni idadi ya sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Namba 197, ambayo CrystalDiskInfo huiandika C5, ni sekta zilizoshindwa kusomeka na bado zinasubiri hukumu. Namba 199, yaani C7, ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA. Badilisha kebo, kisha tazama kama 199 inaendelea kupanda. Haishuki hata tatizo likiisha, kwa hiyo usingoje irudi sifuri. Diski nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya kebo iliyolegea. Na kwenye Seagate, usishtuke ukikuta tarakimu kubwa za ajabu kwenye namba 1 na 7. Ni kawaida yake.

Ikiwa 5 au 197 inapanda kila ukiangalia, usiendeshe `chkdsk /r`. Amri hiyo hupita kila sekta na kung'ang'ania zile dhaifu, na diski inayokufa inaweza kufia hapo hapo kabla hujaokoa faili lako hata moja. Nakili kwanza. Washa kwa Linux ya kwenye flashi, thibitisha kwa `lsblk` ipi ni ya zamani (hapa sda) na ipi ni mpya (hapa sdb), kisha:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

`ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

Ya kwanza huchota yote yanayosomeka kirahisi bila kuhangaika na sehemu mbovu. Ya pili hurudia sehemu hizo mara tatu. Faili la ramani liweke kwenye flashi nyingine, lisipotee mashine ikizimika katikati. Ukikosea mpangilio wa sda na sdb umeifuta data yako kwa mkono wako mwenyewe. Kama diski inagonga-gonga, zima umeme. Hakuna programu itakayosaidia. Kubadilisha ubao wa chini wa diski kwa ubao wa diski nyingine ya modeli ile ile nako hakufui dafu kwa diski nyingi za leo, kwa sababu chipu ndogo ya ROM kwenye ubao huo ina vipimo vya diski hiyo peke yake na lazima ihamishwe nayo.

Kasoro yenyewe: SMR

Kwenye diski ngumu za kawaida, zinazoitwa CMR, kila njia ya data ina nafasi yake kwenye sahani. Kwenye SMR njia hupandiana kama vigae vya paa ili data nyingi zaidi ienee kwenye sahani ile ile. Kusoma hakuna shida. Shida ni kubadilisha kitu kilicho katikati: diski inalazimika kuandika upya njia zote zinazofuata katika kundi hilo. Ili mnunuzi asigundue, imetengewa eneo la kupokelea data kwa muda, nayo hupanga mambo yake wakati kompyuta imetulia. Eneo hilo likijaa, kasi inaporomoka.

Ndiyo maana ukinakili gigabaiti 300, mwanzo huenda vizuri kwa megabaiti 100 kwa sekunde, halafu ghafla kumi, halafu chini ya hapo. Kwa kuhifadhi picha na video ambazo hutazigusa tena, SMR haina ubaya. Kwa kubebea Windows ni mateso, kwa sababu Windows haitulii: masasisho, kivinjari, faili la kumbukumbu pepe, vyote vinaandika vipande vidogo vidogo kutwa nzima.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba WD (Western Digital) ilikuwa imeweka SMR kwenye diski za Red za TB 2 hadi 6 bila kusema. Baada ya kelele ikachapisha orodha, na zile za CMR zikapewa jina la Red Plus. Seagate na Toshiba nao walitoa orodha zao. Kwa hiyo taarifa ipo kwenye tovuti za watengenezaji, ila muuzaji hakuambii, na mara nyingi hata yeye hajui.

Majina ya biashara hayasaidii. ST1000DM010 na ST2000DM008 zote ni Seagate BarraCuda za mezani. Ya kwanza ni CMR, ya pili ni SMR. Dokezo moja ni kumbukumbu ya muda: MB 64 kwa ya kwanza, MB 256 kwa ya pili. Watu huona 256 wakadhani wamepata bora. Dokezo jingine: kwenye Linux endesha `hdparm -I /dev/sda`, na ukikuta diski ngumu inatangaza TRIM (amri ya kuiambia diski data ipi imefutwa), hiyo ni SMR. Usipoikuta, bado angalia orodha ya mtengenezaji.

Kwa laptopu hali ni mbaya zaidi. ST1000LM035, ST1000LM048, WD10SPZX na Toshiba MQ04ABF100 zote ni SMR, na hizo ndizo diski nyembamba za TB 1 utakazoonyeshwa ukiulizia mpya.

Mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza ni Samsung 870 EVO, ambayo ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, na hatufichi upendeleo. Inakaa kwenye soketi ile ile ya SATA, ina DRAM (chipu ya kumbukumbu ya haraka) yake ya kutunzia ramani ya data, waranti ya miaka 5, na ile ya GB 500 imepimwa kuvumilia terabaiti 300 za kuandikwa. DRAM ina uzito hapa, kwa kuwa SSD za SATA haziwezi kuazima kumbukumbu ya kompyuta kama ziwezavyo zile za NVMe, aina mpya zaidi ya SSD. Usiogope kwamba mashine yako ni ya SATA ya pili, yaani gigabiti 3 kwa sekunde. Utapata kama megabaiti 270 badala ya 550, lakini nafuu unayoihisi inatokana na kusoma vitu vidogo haraka, na hiyo inabaki pale pale. Angalizo moja: za mwaka 2021 zililalamikiwa kwa sekta mbovu. Kama programu yake ya ndani ni SVT01B6Q, isasishe kabla hujaweka kitu.

Angalia herufi vizuri, maana 870 QVO si EVO. Ile ya TB 1 ikishajaza eneo lake la haraka huandika megabaiti 80 kwa sekunde. Ugonjwa ni ule ule wa SMR, umevaa nguo nyingine.

Ya pili ni Crucial MX500, ukiipata. Ina DRAM, waranti ya miaka 5, terabaiti 180 za kuandikwa kwa ile ya GB 500, na kinga ya data iliyokwisha kuandikwa umeme ukikatika ghafla, jambo la maana kwa laptopu ambayo betri yake imekufa. Namba 197 kwenye hii huweza kurukaruka kati ya 0 na 1 bila ugonjwa wowote. Fundi asikutishe nayo.

Ya tatu ni kwa kompyuta ya mezani inayohitaji nafasi kubwa: WD10EZEX kwa TB 1, kwa zaidi ya hapo WD Red Plus, Seagate IronWolf au Toshiba N300. BIOS ya zamani, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, kwa kawaida haiwashi Windows kutoka diski inayozidi TB 2, kwa hiyo diski kubwa iwe ya data tu.

SSD za Kingston A400 na Crucial BX500 hazina DRAM. Hata hivyo zinazishinda diski ngumu za laptopu. Basi.

Wakati wa kufunga, weka SATA kwenye AHCI (mtindo wa kisasa wa kuwasiliana na diski) ndani ya BIOS kabla ya kusakinisha Windows. Ukibadilisha baadaye, Windows 7 hukupa skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Kama umenakili kutoka diski ya enzi za XP, sehemu ya kwanza ya diski (partition) huanzia sekta ya 63 na SSD itafanya kazi maradufu bure. Ianzie 2048. SSD ni nene milimita 7; laptopu za zamani zina nafasi ya 9.5, hivyo dai fremu ya kujazia, la sivyo itaning'inia kwenye soketi.

Wauzaji

Tangazo linaloandika "TB 1, inchi 2.5, mpya" bila namba ya modeli limekuficha kitu. Omba picha ya lebo kabla ya kulipa, na asiyeitoa achana naye. Halafu kuna diski "zilizotengenezwa": mtu anaandika sifuri diski nzima, 197 inarudi 0, anapiga picha hiyo na kukuuzia. Muulize namba 5 inasemaje, maana sekta zilizohamishwa zinabaki zimeandikwa pale.

Wengine hufuta kabisa hesabu ya saa, yaani namba 9. Mwaka 2025 diski za Seagate zilizotumika miaka mingi zilikutwa sokoni zikiuzwa kama mpya kwa mtindo huo. Seagate nyingi za karibuni zina daftari la pili liitwalo FARM, ambalo wahuni hawa kwa kawaida hawakuligusa. Ukiwa na smartmontools (kifurushi chenye smartctl) toleo la 7.4 au zaidi, andika `smartctl -l farm /dev/sda` na ulinganishe saa zake na namba 9. Zikipishana kwa maelfu, irudishe siku hiyo hiyo, ukiwa na nakala ya matokeo yote mawili mkononi.