Uzoefu wangu na CDL (leseni ya magari makubwa ya biashara) ya Texas: miaka 9 ya manyuo (gia za mkono) Bongo, leseni ya huku inasema manyuo siruhusiwi

Wakuu, naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananipigia "kaka shule ipi nzuri ya CDL, na inachukua muda gani" na mi nimechoka kurudia. Nilisoma 2023 hapa Texas, daraja A, lile la kichwa na tela. Shule naipa nyota 3 kwa 5. Leseni yenyewe 4. Kuitunza hiyo leseni naipa 2, na hapo nimeona aibu tu kuipa 1.

Historia kidogo. Bongo nimeanza kama utingo, baadae nikakabidhiwa semi, miaka 9 Dar Tunduma hadi Lubumbashi, Kitonga nimepanda na mzigo huku mvua inanyesha na mbele yangu kuna lori limekufa breki. Kwa hiyo nilivyobahatika green card ya bahati nasibu nikajua hawa watu hawana cha kunifundisha, naenda kuchukua leseni yangu naanza kazi. Wapi. Leseni ya Bongo huku haibadilishwi kuwa CDL, unaanza na leseni ya gari dogo ya Texas kama dogo wa sekondari, afu kipimo cha afya cha DOT (wizara ya usafirishaji ya Marekani), afu mitihani ya kuandika (ya jumla, breki za upepo, magari ya kuunganisha, na Texas wana wa kwao wa sheria za jimbo), kila mmoja upate 80 kwa mia, ndo unapewa pemiti. Na ukishapata pemiti huwezi kufanya testi ya barabarani mpaka zipite siku 14, hata uwe umezaliwa ndani ya Scania.

Shule nayo siyo hiari, toka Februari 2022 sheria ya nchi nzima inataka usome kwa mkufunzi aliyeandikishwa kwenye orodha ya serikali kuu, yeye ndo anatuma taarifa kwamba umeiva. Kabla hujalipa hata senti nenda kaangalie jina la shule kwenye hiyo orodha, iko mtandaoni bure. Mimi nililipa dola 4,500, wiki nne. Na wasikudanganye kwamba lazima masaa kadhaa, kwa upande wa serikali kuu hakuna idadi ya masaa, mkufunzi ndo anaamua umeiva au bado.

Sasa kilichonitoa jasho. Rivasi. Ndio, mimi. Bongo usukani uko kulia, miaka yote nimezoea kuingiza tela nikichungulia dirisha la kulia, mwili wenyewe ulikuwa unajua. Huku umekaa kushoto, upande wa kuona ni kushoto, upande wa kipofu ndo ule niliokuwa nauamini. Siku ya kwanza uwanjani nimekunja tela mpaka koni mbili zikaenda chini, kijana wa miaka 22 ambaye hajawahi hata kusogeza trekta anaingiza dokini vizuri kuliko mimi kwa sababu hana cha kusahau. Wiki nzima nilikuwa nalala naota saitimira.

Cha pili ni kukagua gari kwa mdomo, wenyewe wanaita pri-tripu. Yani unazunguka lori na mkaguzi, unagusa au unaonyesha kitu na kusema kwa Kiingereza: hiki kimefungwa sawasawa, hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, hakivuji. Springi, hosi, nati za tairi, pini inayoingia kwenye kichwa, vyote. Breki za upepo ndo zinaangusha wengi: injini umezima, swichi umewasha, umekanyaga pedali dakika moja, upepo usishuke zaidi ya 4 kwenye geji kwa gari lenye tela, afu unapampu mpaka alamu ya upepo mdogo ilie. Ukifanya vyote vizuri ila ukasahau kusema, umefeli. Nilikuwa na rafiki Mkongo aliyetokea kambi ya Nyarugusu, huyu jamaa anaendesha kama maji, alifeli mara mbili mdomo tu. Tukawa tunakutana jioni kwenye maegesho ya apatimenti tunakagua kigari changu cha Corolla kama vile ni semi, majirani wanatuangalia. Mara ya tatu akapita.

Mimi nilipita mara ya kwanza. Nikalipa dola 97 za leseni, inakaa miaka 8, nikaenda nyumbani nafurahi, nikaisoma vizuri nikaona herufi E. Kumbe shule ilinifanyia testi na lori la otomatiki na hakuna mtu aliyeniambia, na ukifanya testi na otomatiki leseni inakufunga usiguse lori la manyuo. Mimi! Nyota mbili za shule ziliishia hapo. Ulizeni kabla ya kulipa: testi tunafanyia gari gani.

Haya, kuitunza. Daktari alikuta presha yangu iko 148, ikizidi 140 hawakupi kadi ya miaka miwili, unapewa mwaka mmoja. Sawa. Mwaka ukaisha nikaenda nikapima, kadi mpya nikaweka kwenye waleti nikaona nimemaliza. Kumbe enzi hizo ulitakiwa wewe mwenyewe uipeleke jimboni. Barua ikaja, nikaiweka pamoja na matangazo ya pizza. Nipo karibu na Amarillo na mzigo, simu ya kampuni ikaita: paki hapo hapo, CDL yako imeshushwa kuwa leseni ya gari dogo. Siku 9 bila kazi kwa karatasi iliyokuwa mfukoni kwangu! Toka Juni 2025 kliniki ndo inatuma kwa kompyuta, ila mi naangalia mwenyewe kila mara, siamini mtu.

Tiketi nazo. Ukiwa kwenye lori ukapatikana umezidisha spidi inayoruhusiwa kwa maili 15 kwa saa na kuendelea, hilo ni kosa zito, mawili ndani ya miaka 3 unakaa nje siku 60, matatu siku 120. Simu mkononi imo humo humo. Na ile janja ya kwenda darasa la udereva tiketi ifutwe, wenye CDL hatuna, hata kama ulikuwa na gari lako dogo unapeleka watoto shule. Kikomo cha pombe kwenye damu ukiwa kwenye lori ni 0.04 siyo 0.08 ya gari dogo. Bangi usiseme jimbo fulani wameruhusu, ukipatikana jina linaingia Clearinghouse (orodha ya serikali kuu ya madereva wenye makosa ya dawa za kulevya na pombe) na toka Novemba 2024 jimbo linakushusha leseni mpaka umalize utaratibu wao wote.

Na Kiingereza, wazee. Toka Juni 25, 2025 askari akikusimamisha ukashindwa kumjibu au kusoma alama za barabarani, gari linalala hapo. Siyo Kiingereza cha chuo, ni umetoka wapi, umebeba nini, nionyeshe logi (kumbukumbu ya masaa uliyoendesha). Fanyeni mazoezi. Wenye vibali vya muda ambao hawana green card nao wafuatilie mambo yao kwa karibu, toka Septemba 2025 serikali kuu inabana CDL zao na kesi zimefika mahakamani.

Mwezi ujao nakodi lori la manyuo nikaitoe hiyo E. Ile shule ilinipigia juzi kuniuliza kama naweza kuwasifia kwa wenzangu. Nikawaambia subirini kwanza.